Baiskeli ya safari ndefu: anza na gurudumu la nyuma

Msomaji mmoja ana fremu ya chuma iliyo nzima, yenye nafasi ya milimita 135 kwa ajili ya gurudumu la nyuma na vishikizo vya breki za V (zile za mikono miwili inayobana rimu), naye anakusudia kuiundia baiskeli ya kusafiria kwa wiki kadhaa kwenye lami na changarawe. Yeye mwenyewe ana kilo 82, mizigo itafika kilo 20, na baiskeli anaikadiria kilo 15. Amepata kwa bei nafuu jozi ya magurudumu mepesi ya mashindano, yenye spoki 24 kila moja, ambayo habu yake ya nyuma ni ya milimita 130, na fundi amemwambia kwamba yataingia kwa kuongeza washa, zile pete bapa za chuma, kwenye ekseli. Anauliza kama ayachukue ili fedha inayobaki ainunulie gia 12 za kisasa, au afanye kinyume, na tena anauliza kama anaweza kufunga usukani wa mashindano, ule unaopinda kuelekea chini.

Ndugu yangu, fanya kinyume. Fedha yako ya kwanza iende kwenye gurudumu la nyuma, ya pili kwa fundi atakayelisuka, na gia zipate kitakachobaki. Kibadilisha gia kikiharibika njiani utaendelea na safari kwa gia moja huku ukinung'unika, lakini gurudumu la nyuma likiharibika utashuka na kutembea kwa miguu, na mizigo utaibeba wewe. Kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye gurudumu hilo, kisha vifaa vingine nitavipitia kwa kadiri vinavyostahili.

Tuanze na uzito. Wewe, baiskeli na mizigo mnafika kilo 117, na mizigo yote ikifungwa nyuma, gurudumu la nyuma hubeba takriban theluthi mbili, yaani kilo 78 hivi. Wengi hudhani kwamba mzigo huo huzikata spoki kwa kuzivuta kupita kiasi. Ukweli ni kwamba spoki zinazopita chini ya habu, pale tairi linapogusa barabara, hulegea kidogo, na zikishapanda juu hurudia mkazo wake wa awali. Tairi la milimita 40 kwenye rimu ya 622 (kipenyo chake kwa milimita, pale tairi linapokaa) lina mzingo wa mita 2.2, kwa hiyo kila spoki hulegea na kukaza mara 450 hivi katika kila kilomita, na katika safari ya kilomita 2,000 itakuwa imefanya hivyo zaidi ya mara 900,000. Chuma kinachochezeshwa namna hiyo huchoka, na huchokea mahali palepale, kwenye kiwiko, ambapo spoki hupinda kuingia kwenye tundu la habu. Ndiyo maana spoki hukatika mtu akiwa anaendesha taratibu mahali tambarare, pasipo shimo wala kishindo, akabaki kujiuliza amekosea wapi.

Kutokana na hilo, tunataka spoki nyingi, ili kila moja ibebe sehemu ndogo ya mzigo, na tunataka zikazwe vya kutosha, ili hata ile iliyo chini kabisa isilegee moja kwa moja. Kwa uzito wako nashauri spoki 36 nyuma, na mbele 32 zinatosha, ingawa 36 pande zote mbili si kosa na kunarahisisha kupata rimu ya akiba. Spoki 12 za ziada, pamoja na nati zake, hazifikishi gramu 100, ambazo ni chache kuliko maji utakayokunywa kabla ya kumaliza kilima cha kwanza. Faida yake utaiona siku spoki moja itakapokatika: katika gurudumu la spoki 36 rimu huyumba kidogo tu, ukailegeza breki, ukakaza na kulegeza spoki za jirani, ukaendelea, katika gurudumu la spoki 24 rimu inaweza kupinda hadi ikakwaruza fremu, na safari ya siku hiyo ikaishia hapo.

Fundi aliyekwambia kwamba magurudumu yale yataingia hakukudanganya. Yataingia, lakini itabidi ekseli ibadilishwe kwa iliyo ndefu zaidi na rimu isogezwe upya hadi katikati, na baada ya kazi yote hiyo bado utakuwa na spoki 24. Isitoshe, rimu nyingi za mashindano za aina hiyo ni nyembamba, na tairi pana likikaa kwenye rimu nyembamba hulalia upande kwenye kona kama halijajazwa upepo mwingi. Waachie wanaoendesha bila mizigo.

Habu ya kununua ni ya milimita 135, yenye matundu 36, na ya aina ya kaseti, ambayo meno ya nyuma huvishwa juu ya mwili wa habu wenyewe. Utakutana na habu za friwili, ambayo ni meno ya nyuma yanayofungwa kwenye habu kwa kuzungushwa kama nati, zikiuzwa kwa bei ya chini sana, na zina ubaya mmoja mkubwa kwa msafiri: kwa kuwa friwili huchukua nafasi yote ya kulia, gololi za upande huo hukaa mbali na fremu, na kipande kirefu cha ekseli hubaki bila kuegemezwa. Chini ya mzigo ekseli hiyo hupinda, na baadaye hukatika. Habu ya kaseti huweka gololi za kulia karibu na ukingo wa fremu, na tatizo hilo huisha. Kuhusu gololi za kawaida dhidi ya beringi zilizofungwa, wanaobishana wana sababu pande zote. Mimi huelekea kwenye gololi za kawaida kwa safari za mbali, kwa kuwa huhudumiwa kwa spana mbili nyembamba na grisi, ilhali beringi iliyofungwa ikiisha inataka nyingine ya namba ileile na kifaa cha kuibana mahali pake. Ila gololi zikiachwa zikauke au zikilegea, vikombe vyake huharibika, na hivyo habadilishi mtu barabarani.

Rimu iwe ya alumini yenye kuta mbili, na upana wa ndani uwe baina ya milimita 19 na 23. Usitafute nyepesi, rimu ya gramu 550 hadi 650 ndiyo ya kazi yako. Kwa sababu breki zako hukamata rimu, ukuta wake ni kifaa kinacholika kama mpira wa breki wenyewe, na matope yenye mchanga huula haraka kuliko unavyotarajia, kwa hiyo chagua rimu yenye alama ya kulika, ambayo kwa kawaida ni mfereji mwembamba au kitobo kidogo ukutani. Mfereji ukifutika, rimu imekwisha, hata ikiwa ingali imenyooka. Tena angalia tundu la valvu. Tundu pana, la milimita 8.5, hupokea valvu nene kama za magari, na kwa kipete kidogo hupokea hata valvu nyembamba. Tundu la milimita 6.5 hukufungia kwenye valvu nyembamba peke yake. Suala la ukubwa wa rimu silijadili, kwa kuwa fremu yako imekwisha kulijibu: vishikizo vya breki vimechomelewa kwa ajili ya rimu ya 622, na rimu ya 559 ukiivisha humo breki hazitaifikia.

Spoki ziwe za chuma kisichoshika kutu, zenye milimita 2.0 kwenye ncha zote mbili na 1.8 katikati. Mtu akiziona huziogopa, akidhani kwamba kilichopunguzwa unene kimepunguzwa nguvu, kumbe sehemu hiyo nyembamba ndiyo inayonyumbuka na kukiondolea kiwiko sehemu ya adha. Nati za spoki ziwe za shaba. Za alumini ni nyepesi, lakini baada ya misimu michache ya mvua huganda, na ukijaribu kuzizungusha pembe zake hubomoka ndani ya spana.

Sasa tufike kwenye kusuka, ambako vifaa vizuri huharibiwa na mkono mbaya. Gurudumu la spoki 36 lisukwe kila spoki ipishane na nyingine tatu kabla ya kufika kwenye rimu. Upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, ambako kaseti inakaa, spoki husimama wima zaidi kuliko za kushoto, kwa hiyo ili rimu ibaki katikati lazima zikazwe zaidi. Za kushoto hubaki na mkazo wa baina ya nusu na theluthi mbili ya zile za kulia. Kulia, mkazo wa kilo 100 hadi 120 ndio unaofaa kwa rimu nyingi za aina hii, mradi usivuke kiwango kilichowekwa na mtengenezaji wa rimu. Fundi anayezikaza nusu kwa kuogopa kuharibu rimu anakukabidhi gurudumu litakalokata spoki za kushoto, kwa sababu hizo ndizo zitakazolegea kabisa kila zinapopita chini.

Unaweza kulikagua gurudumu kabla ya kulipokea, bila kifaa chochote. Shika spoki mbili za upande mmoja zinazokwenda sambamba, zibane kwa kiganja kwa nguvu zako zote, kisha uzunguke gurudumu lote ukifanya hivyohivyo kwa kila jozi. Ukisikia mlio wa kukwaruza au kukatakata, maana yake spoki zilikuwa zimejisokota au viwiko havijakaa sawasawa kwenye habu, na rimu sasa itakuwa imeyumba. Mrudishie fundi ainyooshe, na arudie kubana na kunyoosha mpaka isiyumbe tena. Baada ya hapo zigonge spoki za kulia moja baada ya nyingine kwa mpini wa spana, ukisikiliza. Sauti zake zilingane. Moja ikitoa mlio mzito kuliko jirani zake imelegea, na rimu iliyonyooka huku spoki zake zikilia kila moja kivyake imenyooshwa kwa kulazimishwa, nayo haitadumu. Mwisho, livishe gurudumu kwenye fremu, tazama nafasi baina ya rimu na fremu pande zote mbili, kisha lichomoe, uligeuze kulia kwenda kushoto na ulirudishe. Nafasi isipobadilika, rimu iko katikati.

Kama unataka taa isiyotegemea kuchajiwa, amua sasa, maana habu ya dainamo ya volti 6 na wati 3 husukwa ndani ya gurudumu la mbele, na kuiongeza baadaye ni kulisuka gurudumu hilo upya.

Tairi la milimita 40 lenye tabaka la kuzuia pancha litakufaa kwenye lami na changarawe, ila kwanza pima fremu: baina ya tairi lililojazwa upepo na fremu ibaki nafasi ya milimita 6 kila upande, na madigadi yakifungwa nafasi hiyo ihesabiwe kuanzia kwenye madigadi. Kwa uzito wako anza na upepo wa paundi 50 hadi 60 kwa inchi ya mraba nyuma, na 40 hadi 45 mbele, bila kupita kikomo kilichoandikwa ubavuni mwa tairi au kilichowekwa kwa rimu. Tyubu, viraka na solusheni vinatosha.

Kwenye gia, kinachokusumbua ni idadi ya meno ya nyuma, lakini mlima haujali idadi hiyo. Unachohitaji kujua ni baiskeli inasogea mita ngapi kwa kila mzunguko wa pedali katika gia nyepesi kuliko zote. Ukiwa na meno 34 mbele na 28 nyuma, kama baiskeli nyingi za mashindano, kila mzunguko unakusogeza mita 2.68, na kwa mizunguko 60 kwa dakika unakwenda karibu kilomita 9.6 kwa saa. Kwenye mteremko wa asilimia 8 unaoupanda na kilo 117, mwendo huo unadai wati 245 hivi za kushindana na mlima peke yake, na ni watu wachache wanaoweza kuzitoa kwa saa nzima. Weka meno 26 mbele na 36 nyuma: kila mzunguko sasa ni mita 1.59, mwendo ni kilomita 5.7 kwa saa, na mlima uleule unakutaka wati 145 hivi. Kaseti ya gia 9 yenye meno 11 hadi 36 inakupa hayo kwa mnyororo unaopatikana kwa urahisi, pamoja na kranki ya sproketi mbili au tatu ambayo ndogo yake ina meno 26 au pungufu.

Gia 12 si mbaya kwa zenyewe. Kaseti zake nyingi za milimani, zile zinazoanza na jino 10, hudai habu ya umbo jingine, kwa hiyo uchaguzi huo ungekurudisha kwenye gurudumu; mnyororo wake ni mwembamba, na marekebisho yake hayavumilii kibadilisha gia kilichopinda kidogo baada ya baiskeli kuanguka. Tukiongeza tofauti ya bei, sioni unapata nini. Mnyororo wowote utakaotumia, upime kwa rula: viungo 24, vikihesabiwa vya ndani na vya nje pamoja, vikiwa vipya vina urefu wa milimita 304.8. Ukifika 306.3, ubadilishe, nawe utakuwa umeiokoa kaseti.

Usukani wa mashindano unaweza kuufunga, lakini kuna mtego kwenye breki. Mikono ya breki ya usukani huo huvuta waya kwa umbali mfupi, na breki za V zinahitaji waya uvutwe kwa umbali mrefu zaidi, hivyo ukiviunganisha vivi hivi utapata breki ambazo ama zinagusa rimu muda wote, ama mkono unafika kwenye usukani kabla hazijakamata. Tafuta mikono iliyotengenezwa mahususi kwa breki za V, kisha mikono ya gia uifunge kwenye ncha za usukani. Kwa vifaa vya Shimano vya gia 9, mikono ya gia ya barabarani hufanya kazi na kibadilisha gia cha nyuma cha milimani. Kuanzia gia 10 umbali wa kuvuta waya ulitofautiana, na mchanganyiko huo haukubali tena. Ikiwa hukuwahi kuendesha na usukani wa aina hiyo kwa siku nzima, ule ulionyooka uliokwisha kuuzoea utakupunguzia gharama na mashaka, na ningeanza nao.

Keria iwe ya mabomba ya chuma, ifungwe kwa bolti za milimita 5 au 6 kwenye matundu ya fremu, na bolti hizo ziwekewe gundi ya kuzishika zisilegee, kwa sababu mtikisiko wa changarawe huzilegeza bila kelele. Kabla ya kulipa, fungia mifuko kwenye keria, kaa kwenye kiti, uzungushe pedali kinyumenyume ukiangalia kama kisigino kinagonga mfuko. Fremu zenye mkia mfupi zina tabia hiyo, na dawa yake ni keria inayosukuma mifuko nyuma zaidi. Ningekushauri uweke pia keria ndogo ya mbele. Kilo 8 kati ya 20 zikihamia mbele, zikakaa chini karibu na ekseli, usukani utakuwa mzito kidogo lakini mtulivu, na lile gurudumu la nyuma ambalo tumelihangaikia kiasi hiki litapumua.

Kuhusu ekseli ya pedali, chukua ile ya kufungwa nzima yenye ncha za mraba, na kumbuka kwamba katika fremu nyingi nyuzi za upande wa kulia zimegeuzwa, hukazwa kwa kuzungusha kinyume cha saa. Kiti sikuchagulii, kilichokwisha kukubaliana na mwili wako ndicho hichohicho, hata kama kimechakaa.

Ukishaunda, funga mizigo yote na uende kilomita 200 hadi 300 karibu na nyumbani, kisha urudie ile kazi ya kugonga na kusikiliza spoki, kwa kuwa gurudumu jipya hujipanga katika kilomita hizo za mwanzo. Gurudumu la nyuma litakuwa na spoki za urefu wa aina mbili, za kulia zikiwa fupi kwa milimita moja au mbili, na la mbele huenda likawa na urefu wake wa tatu. Mwombe fundi akupe mbilimbili za kila urefu pamoja na nati zake, uzifunge kwa utepe kwenye bomba la fremu. Kisha ununue kile kifaa kidogo cha kufungulia kaseti, kwa sababu spoki zinazokatika upande wa kulia wa nyuma haziwezi kuvishwa kaseti ikiwa bado iko mahali pake, na spoki sita za akiba bila kifaa hicho ni mzigo tu.